Nyumba Iliyokuwa Mashine ya Kusaga

Nyumba ninayoishi ilijengwa kwa ajili ya mahindi. Mlango wake wa mbele ni wa mbao za mvule, unafunguka pande mbili, na upana wake unatosha kupitisha baiskeli yenye gunia lililolazwa mkingamo. Madirisha ni madogo na yako juu karibu na boriti, kwa sababu aliyeyaweka alitaka vumbi la unga litoke na mvua isiingie. Sebuleni kuna vipandio viwili ambavyo kila mgeni hujikwaa: hapo juu yalikaa mawe, hapa chini walisimama wanawake na vikapu vyao. Kwa karibu nusu karne hii ilikuwa mashine ya kusaga ya kijiji chetu, upande wa Maragoli, magharibi mwa Kenya, kwenye mteremko unaoishia kijitoni, na kijito chenyewe huingia Mto Yala. Leo kuna kitanda, kabati la vitabu na jiko la gesi.

Nikilieleza hilo mjini Kisumu, ninakofanya kazi, watu hunitumia picha za vinu vya upepo vya Ulaya vilivyogeuzwa makao: mnara mweupe, ngazi ya kuzunguka, kitanda kilichowekwa chini ya dari la mviringo. Nazipenda picha hizo. Zimenifanya nisome sana habari za vinu hivyo, na humo nimekutana na swali nililokuwa nalo siku zote bila kujua namna ya kuliuliza. Jengo lililolisha kijiji kizima likishakuwa nyumba ya familia moja, kijiji kinabaki na nini?

Kusini mwa Uingereza, juu ya kilima kinachotazama kijiji cha Clayton huko Sussex, kuna vinu viwili vilivyosimama jirani. Wenyeji wanaviita Jack na Jill. Jill ndiye mkongwe. Alijengwa Brighton mwaka 1821, mwili wote wa mbao, na mwaka 1852 akakokotwa na ng'ombe hadi Clayton. Jack alifuata mwaka 1866, mnara wa matofali. Maumbile yao yanatofautiana kwa sababu ya shida moja ambayo kila msagaji wa upepo alizaliwa nayo: upepo haukai upande mmoja. Kinu cha aina ya Jill kimepachikwa juu ya nguzo moja nene, na upepo ukigeuka, mwili mzima hugeuzwa pamoja na mawe na magunia yaliyomo. Kwa Jack kinachogeuka ni kofia ya juu yenye mabawa, mnara umetulia. Ndiyo maana anayetafuta kinu cha kuishi hutafuta mnara. Hakuna anayetaka kulala akitazama mashariki, aamke anatazama kaskazini.

Vinu vyote viwili viliacha kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Viwanda vikubwa vya bandarini vilikuwa vikisaga ngano kutoka ng'ambo kwa nguvu ya mvuke na rola za chuma, na msagaji wa kilimani hakuweza kushindana na bei yao. Mwaka 1953 Henry Longhurst, mwandishi wa habari za gofu na mtangazaji wa BBC, alimnunua Jack akahamia. Alikaa kilimani pale hadi alipofariki mwaka 1978, ingawa baadaye alijenga nyumba ya kisasa kando ya vinu. Namwelewa. Ukuta wa mviringo haukubali kabati, na ngazi za mnara ni za mtu mwenye gunia moja begani, si za mtu anayetafuta miwani yake.

Jill alikwenda njia nyingine. Watu wa kujitolea walianza kumkarabati mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1986 akasaga unga tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, dhoruba kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza. Mabawa yake yakalazimishwa kuzunguka huku breki imefungwa, na msuguano wa mbao kwa mbao ukawasha moto ndani. Watu walewale waliomkarabati walipanda kilima katika upepo ule wakauzima. Hadi sasa hufunguliwa kwa umma Jumapili za majira ya joto, na mtu anaweza kuondoka na mfuko wa unga. Jack ni makao ya watu, na mlango wake unaheshimiwa kama mlango wa nyumba yoyote. Historia ya Jack ni nzuri. Ya Jill ndiyo ninayoionea wivu.

Uholanzi wana jibu la tatu. Kule Kinderdijk kuna vinu 19, vingi vikiwa vya karibu mwaka 1740, na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuinua maji ili nchi iliyo chini ya usawa wa bahari isizame. Msimamizi aliishi ndani ya kinu na mkewe na watoto, kwa sababu maji hayasubiri asubuhi. UNESCO iliviandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, na mpaka leo vingine vina familia ndani. Pale nyumba na kazi havikuwahi kutenganishwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kugeuza.

Kwetu upepo haukupewa kazi hiyo. Katika mashamba ya walowezi kule Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, minara myembamba ya chuma yenye mapanga ilivuta maji ya visima, lakini haikusaga nafaka. Magharibi tuna mvua. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo yote lazima iteremke kuelekea Ziwa Victoria kupitia mito kama Nzoia na Yala na vijito visivyohesabika. Palipo na maji na mteremko pana nguvu, na watu wa huku waliigundua nguvu hiyo mapema.

Kabla ya hapo kulikuwa na jiwe. Guku, mama yake baba yangu, aliolewa katika zama za jiwe, na alilieleza bila kulipamba: unapiga magoti, jiwe kubwa lenye mbonyeo liko mbele yako, dogo liko mikononi, na unasukuma uzito wa kifua chako chote mpaka wimbi (ulezi) au mtama ulainike. Unga wa chakula cha jioni uliliwa kwa dakika chache na ulichukua sehemu kubwa ya alasiri. Magoti yake yalikuwa na ngozi ngumu, nyeusi, hadi uzeeni. Nikisoma maandishi yanayosifu unga wa jiwe wa zamani na ladha yake, huwa natafuta kama mwandishi amewataja waliopiga magoti. Mara nyingi hawamo.

Kisha mambo kadhaa yalikutana. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na baada ya hapo chuma na mitambo mizito iliweza kushushwa kando ya ziwa badala ya kubebwa vichwani kutoka pwani. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wamishonari wa Kanisa la Marafiki (Quaker) kutoka Marekani, walifika Kaimosi. Misheni yao waliita ya viwanda, wakachagua mahali penye maporomoko ya maji na kuweka mashine ya kupasua mbao. Vijana waliofanya kazi pale walijifunza useremala, na walijionea kwamba maji yakielekezwa vizuri yanaweza kusukuma chuma. Kuanzia mwaka 1907 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alihimiza kilimo cha biashara na kugawa mbegu, yakiwemo mahindi meupe. Mahindi yalishika. Lakini punje ya mahindi ni ngumu na kubwa kuliko wimbi, na jiwe la magotini lililokuwa likichosha sasa likawa mateso.

Wakati huohuo, kule Njoro karibu na Nakuru, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kiingereza, alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908 kusaga ngano ya walowezi. Huo ulikuwa mtaji mkubwa, wenye barua za benki na reli mlangoni. Vinu vya maji vya Kavirondo ya Kaskazini, kama wilaya yetu ilivyoitwa, vilikuwa kitu kingine kabisa. Waafrika wenyewe walichanga, wakanunua mawe, wakachimba mifereji kwa jembe, na kufikia miaka ya 1930 vilikuwa vimetapakaa kwenye mito ya Vihiga na Kakamega. Dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, maelfu ya vibarua waliajiriwa migodini na kulishwa posho ya unga wa mahindi. Unga huo ulihitaji kusagwa na mtu. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952 na historia yake imeandikwa. Wenye vinu waliowalisha wachimbaji hutajwa kwa sentensi moja, na mara nyingi hata hiyo haipo.

Guga, yaani babu yangu, alijenga chake baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akapelekwa Burma, na akarudi na mshahara ambao hakuutumia kwa sababu msituni hapakuwa na duka. Wawili kati ya majirani zake, waliorudi kutoka vita hivyohivyo, waliweka fedha zao pamoja na zake. Walitoa maji kijitoni mbali kidogo juu ya jengo, wakayaleta kwa mfereji ulioshuka polepole kuliko mteremko wenyewe, ili yakifika ukutani yawe juu ya kichwa cha mtu. Pale yalimwagikia ndoo za gurudumu la mbao. Uzito wa maji ndio uliozungusha, kasi yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo sababu ya magurudumu yenye meno ndani: gurudumu la nje lilienda pole kwa nguvu nyingi, jiwe lilihitaji mizunguko mingi, na meno yalibadilisha kimoja kuwa kingine. Jiwe la chini halikutikisika. La juu lilizunguka, mahindi yakiingilia tundu la katikati na unga ukitokea ukingoni. Kila baada ya muda mawe yalitenganishwa na mifereji yake midogo kuchongwa upya kwa patasi, la sivyo yalikanda badala ya kukata. Guga hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Ujio wa mashine ulibadilisha mchana wa wanawake. Nimesikia ikisemwa kwamba uliwapumzisha, na kwa magoti ni kweli, lakini Guku alisema pia kwamba uliwapa mahali. Mwanamke aliyeolewa hakuwa na sababu nyingi za kukaa mbali na boma bila kuulizwa. Foleni ya mashine ilikuwa sababu isiyopingika. Pale kwenye kipandio cha chini kulikuwa na viti vya mawe, na hapo palizungumzwa nani anauza kuku wa mayai, nani binti yake amepata shule, mganga yupi ni mwongo. Chama cha kwanza cha kuchangiana cha wanawake wa upande wetu kilianzia kwenye foleni ile. Mabakuli waliyonunuliana bado yapo katika nyumba kadhaa.

Kijito kilipoanza kupungua wakati wa kiangazi, walinunua injini ya dizeli. Ilikuwa Lister ya silinda moja, ya aina iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, yenye gurudumu zito la chuma kila upande na pipa la maji ya kuipoza. Uliiwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma huku mwingine akishikilia vali, na ikishika, mlio wake ulipita mto. Watu wa ng'ambo walijua kwa masikio kama kuna kusaga leo. Mawe yalistaafu, mahali pake ikaja mashine ya nyundo, ambayo huponda nafaka kwa vyuma vinavyozunguka kwa kasi hadi iweze kupita chekechekeni. Unga ulitoka wa moto. Mimi nilizaliwa katika enzi hiyo, na kwangu harufu ya nyumbani ni mahindi yaliyopashwa joto yakichanganyika na dizeli.

Mwisho wake haukuwa na tukio. Unga wa pakiti ulifika madukani, umeme ukafika barabarani, na mtu aliyekuwa na mota ndogo kando ya lami akawa anasaga gorogoro, kopo la kupimia nafaka, kwa bei ambayo dizeli haikuiweza. Injini iliuzwa. Jengo lilifungwa, likawa la popo.

Tulipoamua kulifanya nyumba, fundi alitaka kulibomoa, na kwa hesabu za fedha alikuwa sahihi. Kuta za mawe zenye upana wa mkono mzima ni ngumu kuzipitishia bomba. Sakafu ilikuwa imenyonya dizeli na oili kiasi kwamba saruji mpya haikushika, ikabidi tuchimbue tabaka la juu lote na kulitoa nje. Unga wa miaka mingi ulikuwa umejaa nyufani, na ndani yake vizazi vya fukusi. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa ukivuta unyevu kutoka chini, na kila plasta ya saruji iliyopakwa ilipasuka na kuanguka. Dawa yake ilikuwa kuiondoa saruji yote, kuchimba mtaro wa kuyatoa maji nje, na kupaka chokaa, ambayo huacha ukuta utoe unyevu wake badala ya kuufungia ndani. Fundi kijana hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo. Babu mmoja kutoka Mbale, aliyejenga makanisa enzi zake, alikuja akakaa kwenye kiti na kumwelekeza. Kitako cha zege kilichobeba injini tulikiacha na boliti zake nne. Juu yake kuna ubao, ndiyo meza ninayoandikia. Shimo la gurudumu la maji nalo lipo, limefunikwa kwa wavu.

Ugomvi ulikuja kwenye ukuta wa ndani, karibu na mlango. Ulikuwa na alama za mkaa kutoka chini hadi kimo cha mtu: jembe, chungu, jogoo, mwezi mwembamba, samaki, na kando ya kila moja vijistari, vingine vimekatwa, vingine havijakatwa. Ilikuwa daftari la madeni. Mwendesha mashine wa zamani alimpa kila mwanamke alama yake, na kila gorogoro iliyosagwa kwa mkopo ilipata mstari. Nilitaka ukuta ule ubaki kama ulivyo, uwekewe kioo. Niliona ni hati ya historia ambayo hakuna kumbukumbu ya serikali inayo.

Mama alikataa. "Hayo ni madeni ya watu," alisema. "Wengine wako hai. Utawakaribisha chai waje watazame umaskini wao umewekewa kioo?"

Nilimwambia majina hayamo, ni alama tu. Akasema, "Wenyewe wanazijua."

Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa jambo la kuamuliwa na sisi wawili. Mama alikwenda nyumba kwa nyumba akawaita waliobaki. Walikuja na leso zao nzuri, na mmoja wao, ambaye kijiji kizima humwita Guku, yaani nyanya, alienda moja kwa moja hadi kwenye samaki akacheka. Alisema alipewa samaki kwa sababu mumewe alifanya kazi Kisumu na kila mwisho wa mwezi alileta mbuta waliokaushwa. Kisha akaonyesha mistari mitatu isiyokatwa. "Hii nililipa kwa mayai. Yule kijana alikuwa mvivu wa kufuta." Walikaa hadi jioni, wakabishana kuhusu alama ya nani ilikuwa ipi. Uamuzi wao ulikuwa wa wazi kuliko wetu: alama zibaki, mistari ifutwe. Waliifuta wenyewe kwa kitambaa chenye maji, kila mtu ya kwake, na ya waliofariki ikafutwa na wakwe zao. Ukuta leo una jembe, chungu, jogoo, mwezi na samaki, hakuna anayedaiwa, na hakuna kioo.

Naamini mwenye kununua au kurithi kinu anarithi pia waliokuwa wakingoja nje. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa, hata kama si la kale sana. Ningependa angalau kimoja cha vinu vya Vihiga, Kakamega au Kisii kipate heshima hiyo kabla mawe yake hayajageuzwa vizingiti vya mabwawa ya samaki, kama vingi vilivyokwisha kugeuzwa. Lakini jengo letu ni nyumba, na familia hailali ndani ya makumbusho. Kilichobaki ni kutafuta kiasi cha mlango unaoweza kuachwa wazi.

Kwa sasa jibu letu ni mawe. Yale mawili ya zamani tuliyakuta shimoni, yamezama nusu, na vijana wa jirani waliyatoa kwa magogo na kamba. Binamu yangu, mwalimu wa ufundi, anataka kuurudisha mfereji, gurudumu lisage wimbi siku za Jumamosi kwa anayetaka, na siku nyingine lizungushe jenereta ndogo ya taa. Kugeuza maji ya kijito kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na majirani wa chini ya mto lazima waulizwe kwanza, kwa kuwa kiangazi hawana maji ya kugawana na gurudumu. Tumeshazungumza na nyumba zilizo karibu. Wawili wamekubali. Mmoja anataka kwanza aone mfereji utarudisha maji wapi, na Jumamosi hii tunatembea naye kutoka juu hadi chini, na kamba ya kupimia.